Mwaka Ambao Veneranda Alipanda na Shija

Habari ya kifo cha Shija ilitufikia asubuhi, kwa simu, mke wangu akiwa barazani anachambua mchicha na mimi natafuta miwani yangu. Aliyepiga alikuwa Kabula, binti wa kwanza wa marehemu, na alitaka kuzungumza na mama, si na mimi. Nilimtazama Veneranda akisikiliza. Hakupiga ukelele wala hakushika kichwa. Alisema, "Pole mwanangu. Poleni sana. Tunakuja," akaweka simu chini, akaendelea na mchicha wake mpaka ukaisha. Kisha akayavuta yale majani mabovu aliyokwisha kuyatupa pembeni, akaanza kuyachambua upya, moja moja, kana kwamba ndani yake kuna jani zima alilolikosa. Mimi ni mzee sasa. Nina wajukuu, magoti yananilalamikia nikiinuka kwenye kigoda, na kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba wivu ni kama chunusi, kitu cha ujana ambacho uso hukisahau. Lakini nilipomwona mke wangu ameinamia majani yale, kitu cha zamani kiliniamkia, kizima, na nguvu zake zilezile. Mtu amekufa, nami namwonea wivu. Ndipo nilipokaa chini nikaanza kuukumbuka mwaka ule.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, Mpanda ikiwa bado mkoa wa Rukwa, watu wakitega sikio kusikia honi ya treni ili wajue kama bidhaa za Tabora zimeingia. Nilikuwa fundi seremala kijana, nimepanga chumba kwa Mama Yusta kule Ilembo, mahali ambapo nyumba zinaishia na mashamba yanaanza. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza niliyoiunda mwenyewe, na dirisha la mbao lililofungukia uani, karibu na jiko. Ukuta uliokitenga na sebule ya mwenye nyumba ulijengwa kwa tofali mbichi na haukufika kwenye bati. Kila neno lililosemwa sebuleni liliruka juu ya ukuta likatua kitandani kwangu. Mwanzoni niliona hiyo ni bahati, maana Mama Yusta alikuwa shangazi yake Veneranda, naye akiishi mle ndani, na mimi nililala nikisikia anavyocheka. Nilipomtaka uchumba alikuwa kisimani, ndoo iko nusu. Aliniangalia, akacheka, akasema, "Haya." Alijibu palepale, kabla ndoo haijajaa. Posa ikapokelewa, tukakubaliana ndoa ifungwe mwaka unaofuata, mvua zikiisha. Nikatafuta mbao nzuri za mninga, nikaanza kuchonga kitanda.

Mama Yusta alikuwa na kipande cha bustani bondeni, kando ya kijito kisichokauka upesi. Yeye mwenyewe mguu ulikuwa umeanza kumsumbua, hivyo Veneranda ndiye aliyeshuka kila siku kulima. Ardhi ilikuwa imechoka. Kabichi zake zilitoka ndogo kama ngumi, zimetobolewatobolewa na viwavi, na nyanya zilikunja majani kwa sababu ya wadudu weupe waliopaa kama unga kila ukizigusa. Shija aliingia katika maisha yetu na maziwa. Alikuwa Msukuma, amekuja na ng'ombe wachache kutafuta malisho baada ya ukame wa kwao, mrefu, mtulivu, na alikuwa na mazoea ya kusimama akiyumba kidogo kama mtu anayesikiliza ngoma ya mbali. Kila asubuhi alifika uani na maziwa, akaita salamu ya kwao, "Mwangaluka, mama!" Mama Yusta akamjibu kwa Kiswahili na Shija akacheka. Siku moja alimkuta Veneranda ameweka kabichi zake kwenye karai ili azioshe. Akaokota moja, akaigeuzageuza, akachungulia jua kupitia matundu yake.

"Hii mboga mnakula nyie au wanakula wadudu?" akauliza.

"Tunakula kwa zamu," Veneranda akamjibu. "Wao wanatangulia."

Nilikuwa dirishani nanyoa ndevu. Nakumbuka nilicheka pia. Wakati ule sikujua kwamba mazungumzo yale yangeendelea mwaka mzima.

Walipatana mbele ya Mama Yusta. Shija ataleta samadi kutoka zizini kwake na atajenga uzio wa miiba kuzuia mbuzi, Veneranda atatoa ardhi na mbegu, kazi watafanya pamoja, mavuno watagawana. Hakuna aliyeniuliza, na kwa kweli hapakuwa na la kuniuliza. Mimi mchana nilikuwa karakanani, sina samadi, na jembe nililishika kama mtu anayeshika nyoka. Lakini jinsi walivyolima ndiyo iliyonitia shaka tangu mwanzo. Watu wote bondeni walipanda kwa mtindo mmoja: tuta la kabichi ni kabichi, tuta la nyanya ni nyanya. Hao wawili walichanganya. Bibi yake Veneranda, kule Ufipa, alikuwa akipanda mahindi, maharage na maboga katika tuta moja. Maharage yalipanda juu ya mahindi na kuirutubisha ardhi, maboga yakatandaza majani chini na kuzuia jua na magugu. Mama yake Shija, kwa upande wake, hakupanda kitu chochote bila kukizungushia majani yenye harufu, kwa sababu, alisema Shija, mdudu anatafuta chakula kwa pua, na ukimchanganya pua anapita. Wakaweka elimu ya mabibi wawili mahali pamoja. Kati ya kabichi na kabichi wakaweka kitunguu. Kati ya nyanya na nyanya, kivumbasi. Pembeni mwa bustani wakaacha bangi mwitu iote, yale magugu yenye harufu kali ambayo kila mkulima aliyang'oa, wakisema mizizi yake inafukuza minyoo iliyomo udongoni. Giligilani wakaiacha itoe maua yake meupe madogo bila kuivuna, ili nyuki waje, na nyigu wembamba wanaokula viwavi.

Haya yote sikuyajua kwa kuyaona. Niliyajua kwa kuyasikia juu ya ukuta. Jioni, kabla giza halijaingia, Shija alipita kuchukua vyombo vyake vya maziwa, akakaribishwa sebuleni, na wao wakaanza. Nilikuwa nimelala kitandani kwangu, mikono chini ya kichwa, mavumbi ya mbao bado kwenye nywele.

"Huyu ukimweka mbali na mwenzake anadhoofika," sauti ya Shija ilisema.

"Na wakikaa karibu mno?" akauliza Veneranda.

"Karibu mno hapana. Karibu kiasi cha kusikiana harufu."

"Yule mwingine je? Aliyekuwepo kwanza?"

"Yule ni mgumu. Anataka nafasi yake peke yake. Mwache pembeni."

Niliketi. Kitanda cha kamba kikalia. Nilitoka, nikazunguka, nikaingia sebuleni bila kubisha hodi, nikawakuta wameketi pande mbili za meza, taa ya chemli katikati, na mbele yao wamepanga punje za mahindi na maharage kuonyesha matuta. "Aliyekuwepo kwanza" ilikuwa shamari, mmea wa kiungo ambao Mama Yusta aliupanda zamani na ambao, walisema, hauelewani na nyanya. Mama Yusta alikuwa kwenye kiti chake, kanga imeandikwa *Mwenye wivu ajinyonge*. Nadhani hakuivaa kwa makusudi. Alinitazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Deo, umepatwa na nini? Umekuja kuazima chumvi?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Chumvi." Nikapewa chumvi, nikarudi nayo chumbani, mahali ambapo sikuwa na chakula cha kuitia.

Leo nikiyafikiria naona kwamba kama ningewakuta wameshikana mikono ningeumia kwa namna nyingine, labda nyepesi zaidi. Kushikana mikono nilikujua. Kilichonishinda ni kwamba walikuwa na lugha. Walizungumza kuhusu mimea kama watu wanavyozungumza kuhusu ndugu: huyu anampenda yule, huyu anamkinga mwenzake na jua, vitunguu na maharage wakipandwa pamoja wananuniana, nyanya na viazi wasikae jirani kwa sababu ugonjwa wa mmoja ni ugonjwa wa wote. Mimi na Veneranda tulikuwa na nini? Tulikuwa na tarehe ya ndoa na kitanda kisichokwisha. Nilijaribu kumweleza kuhusu mninga, jinsi rangi yake inavyoiva ukiipaka mafuta, akanisikiliza kwa adabu ile mtu anayoitumia kumsikiliza padri.

Na chakula kile cha mchana sikisahau. Ilikuwa Jumapili, tumetoka kanisani, Shija ameleta samadi na Mama Yusta akamlazimisha akae ale. Ugali wa muhogo uliochanganywa na mahindi, dagaa wa Ikola waliokaangwa kwa nyanya za bondeni, na chainizi iliyochemshwa na vitunguu mpaka ikalainika. Zilikuwa mboga za kwanza kubwa za bustani ile. Chainizi haikuwa na tundu hata moja. Veneranda alipakua ugali mbele yetu, akatia mboga, na mkono wake ukampelekea Shija kwanza. Najua mgeni hutangulia kupewa. Nilijua hata wakati ule. Lakini nilimwona jinsi alivyomwangalia usoni wakati anaonja tonge la kwanza, akingoja, akiwa ameshika pumzi, na Shija akatafuna taratibu akaitikia kwa kichwa mara moja, na yeye akaachia pumzi. Kwangu hakungoja. Alijua nitasema tamu.

"Deo, mbona hugusi mboga?" akauliza Mama Yusta.

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, hewa?"

Shija akanisogezea bakuli la dagaa. "Kula, kaka," akasema. "Ukila vizuri na kitanda kitaisha." Wote wakacheka, naye hakuwa na ubaya hata chembe, na kwa sababu hakuwa na ubaya nilimchukia zaidi. Mtu mbaya ni rahisi. Unamchukia, unalala.

Wiki ile ile nilimngoja Veneranda njiani akitoka bondeni. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri, kama mbao zilizopigwa randa, lakini yalipotoka yalikuwa na vinundu. Nilimwambia watu wanasema. Akauliza watu gani. Nikamwambia mchumba wa mtu hashindi bondeni na mwanamume mwingine. Akatua karai lake.

"Bustani siachi," akasema. "Ni kitu cha kwanza maishani mwangu nilichokianza kikaenda. Ukitaka kujua tunafanya nini, njoo. Bondeni hakuna mlango."

Nikaenda. Nilianza kushuka saa za alasiri nikifunga karakana mapema, na Shija akanipa jembe na kipande changu, bila mzaha, akanionyesha jinsi ya kufunika ardhi kwa nyasi kavu ili maji yasipotee. Nilidumu siku chache katika unafiki huo. Halafu nikaomba kipande cha chini, kilichobaki wazi, nikatangaza kwamba nitapanda kabichi za harusi yetu, mimi mwenyewe, bila msaada, na bila michanganyo. Nilizipanda kwa mistari. Nilitumia kamba ya useremala na pembe mraba. Zilipoota, watu waliopita njia ya juu walisimama kuziangalia, maana zilikuwa zimepangika kama askari, na zangu zilikuwa za kijani kibichi, kubwa kuliko zao, ambazo zilikuwa zimebanana na vitunguu na majani ya kila namna mpaka hujui wapi kabichi inaanzia. Nilimwita Veneranda aje aone. "Nzuri," alisema. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikipiga mluzi.

Kisha zikaja siku za joto, kabla ya mvua, na vipepeo wadogo wa kijivu. Ukitembea kati ya mistari yangu waliinuka mbele ya miguu kama majivu yanapopulizwa. Viwavi wakafuata, na chini ya majani vidukari wakajibandika, wengi, wa kijivu, wakinyonya. Niliwatoa kwa mkono. Nilinyunyiza majivu. Shija alichemsha pilipili na kivumbasi, akaniletea ndoo bila kuombwa, lakini wadudu walikuwa wamekwisha kukaribishana, na chakula walichowekewa kilikuwa kimoja, kimenyooka, bila kizuizi tangu mwanzo hadi mwisho wa mstari. Kabichi zangu zikabaki vijiti na mishipa. Hatua kidogo kutoka pale, ng'ambo ya mfereji, bustani ya wale wawili ilisimama. Haikuwa safi kabisa. Kulikuwa na majani yaliyoliwa hapa na pale, na karoti moja moja zilizooza. Lakini ilisimama, inanuka kivumbasi na vitunguu, nyigu wanazunguka juu ya maua ya giligilani kama watu wanaokwenda kazini. Veneranda hakunicheka. Alitazama mistari yangu, kisha akamtazama Shija, naye Shija akamtazama yeye, kitambo kidogo tu, jinsi wazazi wanavyotazamana mtoto akianguka. Mtazamo ule ulinichoma kuliko kicheko.

Mvua zikanyesha, zikapita. Bustani ile ikawalisha watu wengi wa Ilembo, na kina mama wa bondeni wakaanza kuja kuomba miche ya kivumbasi na kuuliza kitu gani kinakaa na kitu gani. Ndoa yetu ilikuwa imekaribia. Kitanda kilibaki kupakwa mafuta tu. Asubuhi moja nikiwa chumbani nasugua tendegu la kitanda kwa msasa, nikasikia hodi kwenye mlango wa mbele, mlango ambao Shija hakuwahi kuutumia. Nilichungulia: amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, hana maziwa, ameongozana na mzee mmoja wa kwao. Nikaacha msasa. Mama Yusta akawakaribisha, viti vikavutwa. Mzee akasalimia kwa kirefu, akaeleza kwamba wametumwa na shida. Mama Yusta akaelewa kabla hajamaliza.

"Huyu mtoto ana mchumba," akasema. "Shija, wewe unajua. Mchumba mwenyewe anakaa humu."

"Najua, mama," Shija akajibu. "Namheshimu Deo. Ndiyo maana nimekuja mchana, kwa mlango wa mbele, na sikumwambia mtoto wako neno lolote kule bondeni mwaka mzima. Lakini nisiposema nitakuwa nimemdanganya yeye, na Deo, na wewe. Nataka aulizwe. Akikataa, nitahama na ng'ombe wangu, sitamsumbua."

Nilijua anajua nasikia. Alikuwa amekaa kando ya ukuta ule ule, labda mgongo wake umeugusa. Veneranda akaitwa kutoka jikoni. Nilisikia kandambili zake, nikasikia anapiga magoti kusalimia, nikamsikia Mama Yusta anaurudia ujumbe kwa maneno machache. Kuku alilia uani, mtu akapita barabarani na baiskeli yenye mnyororo mbovu. Nilikuwa nimeshika tendegu kwa mikono miwili, nikingojea neno moja fupi. Mwanamke yule aliyenijibu kabla ndoo haijajaa akavuta pumzi, akasema:

"Nitajibu."

Si ndiyo. Si hapana. Siku zile zilizofuata sikula kwa Mama Yusta wala kwingine popote pa maana. Sikumwuliza Veneranda kitu, naye hakunikwepa. Alinisalimia kama kawaida, akashuka bondeni kama kawaida, peke yake sasa, maana Shija hakwenda tena. Nilimtazama kutoka njia ya juu. Alikuwa anapalilia, kisha anasimama wima katikati ya matuta, ameshika kiuno, anatazama tu. Nilitamani kuwa chochote alichokuwa akikitazama.

Alikuja karakanani alasiri moja. Kulikuwa na vumbi la mbao, akakaa juu ya gogo, akafunika pua kwa upande wa kanga.

"Nimemjibu Shija," akasema. "Nimemwambia hapana. Tutaoana mimi na wewe kama tulivyopanga."

Ningepaswa kushukuru. Badala yake nikasema, "Mbona ulichelewa?"

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unafikiri nini?"

Akanitazama sana. "Deo, wewe uliponiuliza nilijibu palepale kwa sababu sikuwa najua kwamba ni swali. Safari hii nilijua. Nimefikiri, nimekuja kwako. Sasa unaye mtu aliyefikiri. Lakini nilifikiri kwa muda gani, na nilifika wapi kabla ya kurudi, usiniulize. Ukiniuliza nitakwambia, na hutapenda."

Sikuuliza. Shija alivuna sehemu yake, akamwachia Veneranda samadi yote iliyobaki zizini, akahamia Kasekese kabla ya harusi yetu. Siku ya sherehe kilifika kibuyu kikubwa cha maziwa ya mgando, kimefungwa vizuri kwa majani, kimeletwa na mtu wa lori. Wageni waliyasifu sana. Mimi nilipitisha kikombe bila kunywa, na bibi harusi akanywa chake chote.

Tumeishi vizuri. Nayasema haya nisije nikaonekana mwanamume aliyeonewa. Watoto wamekua, karakana ikapanuka, na bustani ile ya bondeni Veneranda hajaiacha mpaka leo. Nami nimejifunza, kwa sababu mtu hawezi kulala na mwalimu miaka yote hiyo akaamka mjinga. Najua kitunguu saumu kinamsaidia nani, najua kwamba tuta lenye vitu vingi wadudu hulipitia tu, na ardhi yake haichoki upesi kwa kuwa kila mmea unaomba kitu tofauti. Ninalijua hilo kama ukweli, nimelila sahanini kila siku. Lakini kila mwaka akianza kuchomeka kivumbasi kati ya nyanya, mimi hutafuta kazi ya kufanya mahali pengine. Yeye ameona. Hajawahi kusema.

Basi tukaenda Kasekese, tukazika, tukalala pale msibani pamoja na ndugu. Kwenye kaburi Veneranda alikuwa na macho makavu, amesimama na wanawake wa Mpanda, anaitikia nyimbo. Kwa desturi ya pale jembe haliguswi mpaka matanga yaanuliwe, na asubuhi ile yalipoanuliwa, watu wakifunga mizigo yao, nikamkosa. Nikamtafuta nyuma ya nyumba. Kulikuwa na bustani. Nilisimama kwenye uzio. Kabichi na vitunguu, nyanya na kivumbasi, giligilani imetoa maua, bangi mwitu pembeni pote: mpangilio ule ule, tuta kwa tuta, kana kwamba mtu ameing'oa bustani ya Ilembo na kuipandikiza huku. Magugu yalikuwa yameanza kuifunika kwa siku zile za ugonjwa na msiba. Na katikati yake mke wangu, viatu amevivua, ameinama, anapalilia kwa mikono.

Mtu akaja akasimama kando yangu. Alikuwa Mama Kabula, mjane wa Shija, mwanamke mnene wa makamo, macho yamevimba. Hatukuwa tumezungumza zaidi ya pole. Alimtazama Veneranda kwa muda mrefu.

"Ndiye huyo?" akauliza.

"Ndiye, mama."

"Nilidhani ni mrefu zaidi."

Akaegemea mti wa uzio. "Kila mwaka nimekula nyanya zenye harufu ile ya kivumbasi," akasema. "Siipendi. Sijawahi kuipenda. Nilipoolewa nikamwambia, panda nyanya peke yake kama watu wengine. Akanijibu, hazitakubali. Nikajua si nyanya zinazokataa." Akafuta uso kwa kanga. "Wewe uliwahi kumuuliza mkeo?"

"Sikuwahi."

"Mimi nilimuuliza wangu. Nilimuuliza, yule mwanamke alikukataa vipi? Akasema alikuja mpaka zizini, akasema hapana, akalia. Akalia mpaka ng'ombe wakageuka kumtazama. Halafu akajifuta, akaenda zake kwako."

Mwaka mzima ule niliusikia kupitia ukuta, na hilo sikulisikia. Alikuja karakanani alasiri ile na uso mkavu, upande wa kanga puani, nami nikadhani ni vumbi. Nilishika uzio. Mama Kabula hakunitazama. Alikuwa na yake ya kutazama. Tulisimama hivyo, mzee mmoja na mjane mmoja, tunamwangalia mwanamke yule anasogea polepole kutoka tuta hadi tuta, anajua mkono wake uende wapi bila kuuliza.

Veneranda akainua kichwa, akatuona. Uso wake ulikuwa umelowa wote, wala hakuuficha.

"Deo," akaita, "njoo unisaidie. Palizi imechelewa hii."

Nilimgeukia Mama Kabula, kumwomba ruhusa, au kumwomba tuingie pamoja, sijui. Akanifungulia mlango wa uzio.

"Nenda," akasema. "Mimi bado."